Harufu ya Sileji Inatueleza Nini? Tuifahamu Asidi ya Butiriki



Katika ziara zetu za ufuatiliaji wa mradi wa ng'ombe wa maziwa, swali moja limejirudia kuanzia Machame hadi Mwika: "Mbona majani tuliyovundika yananuka, na ng'ombe anayakataa?" Wafadhili nao, wanaposoma taarifa zetu za robo mwaka, hukutana na maneno "sileji iliharibika" katika sehemu ya changamoto, kisha huuliza, na wana haki ya kuuliza, iliharibika vipi na fedha za nailoni na molasi zilikwenda wapi. Katika toleo hili tumeona tulijibu swali hilo kwa kirefu, maana jibu lake lina jina. Linaitwa asidi ya butiriki. Ukiifahamu asidi hii utafahamu pia kwa nini maziwa ya jioni hupata uchungu kabla ya kufika mjini, kwa nini ndama anayenyweshwa maziwa matupu hukawia kuanza kula, na kwa nini wazee wetu hawakukosea kupika ndizi pamoja na maharage.

Majani humfuata ng'ombe

Wageni kutoka ng'ambo hushangaa kuona ng'ombe wa mlimani hatoki bandani. Sisi tunajua sababu. Kihamba kimegawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi, na kilichobaki ni migomba, kahawa na nyumba. Hakuna pa kuchungia. Kwa hiyo ng'ombe hukaa, na majani humfuata. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, majani ya tembo na ya gwatemala yaliyoko kwenye matuta na kingo za mifereji hutosha na kubaki. Ifikapo Agosti na Septemba, na tena Januari na Februari, yamekwisha. Hapo ndipo akina mama huteremka tambarare, upande wa Kahe, Mabogini au njia ya Himo, kutafuta majani na mabua ya mahindi, wengine wakipanda na mzigo kichwani, wengine wakichanga nauli ya gari dogo la mizigo. Mwenye kuwahi kupanda mlima na mzigo wa majani mabichi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Ikumbukwe pia fedha ya maziwa ni ya nani. Kwa desturi ya hapa kwetu kahawa ilikuwa ya baba, na maziwa na ndizi vilikuwa mikononi mwa mama. Ndiyo maana vyama vya ushirika wa maziwa kama ule wa Nronga, Machame, ulioanza miaka ya 1980, vilijengwa na wanawake. Maziwa yanaposhuka mwezi wa Septemba, kinachopungua ni sabuni, mafuta ya taa au umeme, na mahitaji ya watoto shuleni.

Sileji ni njia ya kuyahamisha majani ya Mei mpaka Septemba. Majani mabichi hukatwakatwa, hushindiliwa ndani ya shimo au mfuko, hufunikwa hewa isiingie, na huachwa yachache. Yakichacha vizuri hukaa miezi mingi. Yakichacha vibaya, tumezika fedha.

Asidi hii ni kitu gani

Mtu wa kwanza kuitenga na kuieleza asidi ya butiriki alikuwa mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akichunguza mafuta ya wanyama na kuchapisha kitabu chake juu ya mafuta hayo mwaka 1823. (Alizaliwa 1786 akafariki 1889, yaani aliishi miaka 102, hatusemi ni kwa sababu ya siagi.) Aliipata ndani ya siagi, na jina lake latokana na neno la kale la Kigiriki na Kilatini lenye maana hiyohiyo, siagi.

Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye kaboni 4, haidrojeni 8 na oksijeni 2 katika kila molekuli. Huchemka kwenye nyuzi joto 163 hivi na huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Asidi ya siki, ambayo kila jikoni inaijua, ni ndugu yake mdogo mwenye kaboni 2. Mafuta mazito ya ng'ombe yana asidi zenye kaboni 16 na 18, ambazo ni nzito mno kuruka hewani, kwa hiyo hazinuki. Asidi ya butiriki ni nyepesi, inaruka, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo harufu ya siagi iliyochacha. Ndiyo pia, mtuwie radhi, sehemu kubwa ya harufu ya matapishi.

Ikiwa imefungwa ndani ya mafuta, hainuki kabisa. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yana asidi ya butiriki kama gramu 3 hadi 4 katika kila gramu 100, na siagi mpya bado hunukia vizuri. Harufu huanza pale kifungo kinapokatika.

Mwaka 1861 Mfaransa mwingine, Louis Pasteur, aligundua kwamba kuna vijidudu vinavyotengeneza asidi hii, na kwamba vijidudu hivyo huishi pasipo hewa. Wakati huo lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa iliaminika kila chenye uhai lazima kivute hewa. Vijidudu vya jamii hiyo leo huitwa klostridia. Makao yao ni udongo na kinyesi, na mbegu zao hustahimili ukavu na hata moto wa kuchemsha. Wanakamati walishike hili la udongo na kinyesi, maana tutalirudia.

Ndani ya ng'ombe ni chakula

Kabla hatujailaumu asidi hii, tuseme wema wake. Tumbo la kwanza la ng'ombe, rumeni, ni pipa la kuchachushia. Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya majani; bakteria walio ndani yake ndio wanaoyavunja na kutoa asidi tatu hasa: ya siki, ya propioni na ya butiriki. Asidi hizi hupenya ukuta wa rumeni na kuingia mwilini, nazo humpatia ng'ombe kama asilimia 70 ya nguvu zake. Katika kila sehemu 100 za asidi hizo, ya butiriki huwa kati ya 10 na 15. Ni kidogo, lakini ukuta wa rumeni wenyewe huitegemea, na pamoja na ile ya siki hutumika kutengeneza mafuta ya maziwa.

Kwa ndama ina kazi kubwa zaidi. Ndama anapozaliwa rumeni yake ni ndogo na laini kwa ndani. Maziwa anayonyonya huipita kando kwa njia ya mfereji maalumu na kwenda moja kwa moja tumbo la nne. Kinachoikuza rumeni ni chakula kikavu: pumba na mashudu kidogo vinapoingia humo na kuchachushwa, asidi ya butiriki na ya propioni huamsha ukuta uote vinyweleo vya kufyonzea chakula. Ndama aliyefika miezi mitatu kwa maziwa na majani matupu, bila chakula cha punje, huachishwa maziwa akiwa hana vinyweleo vya kutosha, naye hudumaa. Mtamba aliyedumaa hupandishwa kwa kuchelewa, na familia inayosubiri mtamba huyo kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe husubiri mwaka mzima zaidi. Konzi ya pumba na mashudu kuanzia wiki ya pili ya maisha yake, pamoja na maji safi, hugharimu kidogo kuliko hasara hiyo.

Ndani ya shimo ni wizi

Sasa turudi kwenye sileji. Tunachotaka kitokee shimoni ni kazi ya bakteria wengine, wale wa asidi ya laktiki, ndio walewale wanaogandisha maziwa. Hewa ikikosekana, hula sukari iliyomo kwenye majani na kutoa asidi kali kiasi cha kuzuia wadudu wengine wote. Kiwango cha uchachu kikifika kama 4 kwa kipimo cha pH, shimo limetulia, majani yamehifadhika.

Kama sukari ni chache, au maji ni mengi, au uchachu umechelewa, klostridia hupata nafasi. Nao hawali majani tu. Hula ile asidi ya laktiki iliyokwisha kutengenezwa. Hesabu yake iko hivi. Gramu 180 za asidi ya laktiki, zikipita kwa klostridia, hutoa gramu 88 za asidi ya butiriki. Gramu 92 zilizobaki huwa gesi na kupotea hewani. Zaidi ya nusu imekwenda. Tena, molekuli mbili za asidi kali zimegeuzwa kuwa moja iliyo dhaifu zaidi, kwa hiyo uchachu wa shimo hupungua, na ukipungua klostridia wengine huamka na kuanza kuozesha protini. Ndipo harufu ya mkojo, yaani ya amonia, inapojiunga na ile ya matapishi. Uharibifu huu ukishaanza haukomi wenyewe. Kila siku shimo linakuwa baya kuliko jana.

Tutoe mfano. Kikundi kimoja cha ukanda wa juu kilifungua shimo lake mwezi wa Agosti. Majani ya tembo yalikuwa yamekatwa Mei asubuhi, yangali na maji ya mvua, yakaingizwa siku hiyohiyo. Vipande vilikuwa virefu kama kiganja. Kwa kuwa wanakikundi walipeana zamu, kujaza kulichukua siku nne, na kifuniko kilikuwa nailoni ya zamani yenye matundu iliyowekewa majani ya migomba juu. Tulipofika, sileji ilikuwa ya kijani cheusicheusi, ikiteleza mkononi. Mzee mmoja alitetea kazi yao. "Imeiva," alisema, "hata mbege ikiiva hunuka." Wapo waliomwafiki. Wengine walikuwa wameanza kunyunyizia chumvi ili ng'ombe adanganyike. Mama mmoja mjane, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa wiki mbili nyuma, alisimama pembeni na debe lake tupu. Yeye alihitaji jibu siku hiyo, maana nyumbani hakuwa na majani mengine.

Jibu tulilompa lilikuwa asimpe ng'ombe wake hata konzi moja, na kikundi kikamchangia mabua. Sababu ni hii. Asidi ya butiriki inapopenya ukuta wa rumeni hugeuzwa kuwa moja ya vitu viitwavyo ketoni. Ng'ombe aliyezaa karibuni tayari anayeyusha mafuta ya mwili wake ili atoe maziwa, na damu yake ina ketoni nyingi. Ukimwongezea nyingine kwa sileji mbovu, anaweza kupata ketosisi: hukataa chakula, hasa cha punje, hukonda haraka, maziwa hushuka, na pumzi yake hupata harufu tamutamu isiyo ya kawaida. Ng'ombe mwenye mimba kubwa naye asipewe. Sileji ile ilirudishwa shambani ikawa mbolea ya migomba, ambayo haikulalamika.

Kuhusu mbege, mzee alistahili jibu la heshima. Mbege huchachushwa na hamira, ambayo hutoa kileo na harufu ya matunda. Shimo lenye harufu ya pombe limepoteza sukari kidogo, lakini ng'ombe hula. Harufu ya butiriki ni nyingine kabisa, na kuna njia rahisi ya kuitambua. Sugua sileji kati ya vidole, ondoka shimoni, kisha nusa mkono. Sileji njema hunuka uchachu wa maziwa mgando au siki, na harufu hiyo huondoka upesi. Ya butiriki hubaki mkononi hata baada ya kunawa kwa sabuni. Ikinuka kama tumbaku au sukari iliyoungua, na rangi ni kahawia nzito, kosa ni la hewa na joto. Hilo ni tatizo tofauti, ambalo hutokana na kushindilia kwa ulegevu.

Namna ya kuwazuia klostridia

Majani ya tembo yana kasoro mbili: maji mengi na sukari chache. Mahindi mabichi yenye punje laini yangefaa zaidi, lakini hatutegemei mtu akate mahindi ya ugali wa watoto ampe ng'ombe. Kwa hiyo kasoro zile lazima zizibwe kwa mkono.

La kwanza na la muhimu kuliko yote ni kunyausha. Kata majani yakiwa na kimo cha mita moja hivi, kabla hayajakomaa na kuwa mti. Chagua siku zisizo na mvua mfululizo, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, nayo yaanikwe hadi yanyauke, siku moja ya jua la mlimani au mbili za mawingu. Kisha katakata, vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kamata konzi ya vipande, kamua kwa nguvu kwa nusu dakika. Maji yakidondoka, bado, rudisha juani. Ukifungua kiganja na donge likafumuka polepole pasipo kukuachia maji, ni wakati wake. Kipimo hiki hakina gharama, na tukilazimika kuchagua jambo moja la kuwafundisha wanavikundi, tungechagua hili na kuacha mengine.

Sukari huongezwa kwa molasi, ambayo sisi tuna bahati ya kuwa nayo karibu, kiwanda cha sukari cha TPC kikiwa hapo Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani hutosha, ikizimuliwa kwa maji kidogo iwezekane kunyunyizwa sawasawa. Tunasisitiza maji kidogo, maana tumeona vikundi vikinyausha majani siku nzima kisha vikirudisha maji yote kwa ndoo ya molasi. Asiye na molasi anaweza kuchanganya pumba za mahindi, ambazo hufyonza maji na kuongeza chakula cha bakteria wema.

Udongo na kinyesi visiingie, kwa kuwa ndimo zilimo mbegu za klostridia. Majani yasiburutwe chini, yasikatiwe mlangoni mwa banda, na wanaoshindilia kwa miguu wanawe kwanza au wavae mabuti yaliyooshwa. Shimo lijazwe na kufungwa siku hiyohiyo moja. Kama kikundi hakina watu wa kutosha kujaza shimo kwa siku moja, shimo hilo ni kubwa mno kwao, watumie mifuko. Mfuko mmoja ukiharibika, mingine hupona. Shimo likiharibika, limeharibika lote. Kwa familia yenye ng'ombe mmoja au wawili, ambao ndio walio wengi katika mradi wetu, sisi tunapendelea mifuko.

Hapa baadhi ya wanakamati wameuliza kama mifuko hiyo haivunji sheria. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo havikujumuishwa katika katazo hilo. Hata hivyo mifuko iliyochanika isitupwe mferejini.

Sileji ikae imefungwa wiki tatu hadi nne kabla ya kufunguliwa. Baada ya hapo kata kiasi cha siku moja, funika upesi. Mpe ng'ombe baada ya kukamua, wala si kabla, kwa kuwa harufu yoyote ya sileji huingia kwenye maziwa kwa njia ya pumzi ya ng'ombe na hewa ya banda. Na anayekamua asiwe ndiye aliyetoka kushika sileji bila kunawa. Mbegu za klostridia hupita tumboni mwa ng'ombe, hutoka na kinyesi, hushika chuchu na kuingia kwenye ndoo. Katika maziwa ya kunywa hazileti shida kubwa, lakini kwa wanaotengeneza jibini ngumu ni balaa: kuyapasha maziwa joto hakuziui, na baada ya majuma kadhaa jibini huvimba na kupasuka kwa gesi ileile tuliyoitaja katika hesabu.

Maziwa yenye uchungu

Wako wakulima wanaorudishiwa maziwa kituoni kwa sababu yana uchungu au ladha ya sabuni, ilhali hayajaganda. Hutuhumiwa kuwa wameongeza kitu, na ugomvi huzuka. Mara nyingi chanzo ni kifungo tulichokitaja kuvunjika. Matone ya mafuta katika maziwa yamevikwa utando mwembamba. Ndani ya maziwa kuna kimeng'enya kiitwacho lipesi, ambacho kazi yake ni kukata mafuta. Utando ukiwa mzima, hakifiki. Maziwa yakitikiswa sana, kama katika dumu lililojaa nusu likishushwa mlima juu ya pikipiki, utando hupasuka, lipesi huingia, na asidi ya butiriki huachiliwa. Maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukaushwa huathirika upesi zaidi.

Dawa yake ni kujaza chombo hadi juu kisipate nafasi ya kuchekecha, na kutumia chombo cha alumini chenye mdomo mpana kinachosuguliwa kikatakata, kuliko dumu la mafuta ya kupikia. Kwa matumizi ya nyumbani, chemsha mapema. Moto huua lipesi. Ni kwa sababu hiyo pia samli hudumu miezi wakati siagi huchacha kwa siku chache: kwenye samli maji yamekaushwa na lipesi imekufa motoni. Bibi zetu walijua hivyo pasipo kumsikia Chevreul.

Na matumbo yetu wenyewe

Binadamu hana rumeni, lakini utumbo wake mpana una bakteria wanaofanya kazi kama hiyo. Nyuzinyuzi na wanga mgumu usiomeng'enyeka huwafikia, nao hutoa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba Waafrika wa vijijini, kwa kula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, hawakupata kwa wingi magonjwa ya utumbo yaliyowasumbua watu wa Ulaya. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula kwa wiki mbili kati ya Wamarekani weusi na Waafrika Kusini wa kijijini. Wamarekani waliokula nyuzinyuzi nyingi walionyesha ongezeko kubwa la butiriki, na wale wa kijijini waliokula nyama na mafuta ilipungua.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2025 watafiti wa KCMC hapa Moshi pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha utafiti uliowashirikisha wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, na wa mjini wakahamishiwa vya asili. Vyakula vya kizungu viliongeza dalili za uvimbe wa ndani ya damu. Vya asili vilizipunguza, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Kundi jingine lilipewa mbege kwa wiki moja, nalo pia lilionyesha nafuu. Kuhusu mbege tutawaachia wachungaji waseme, lakini kuhusu kiburu hatuoni kikwazo: ndizi mbichi zina wanga ule mgumu kwa wingi, na maharage yana nyuzinyuzi. Hata kiporo kina sifa yake, kwani wanga uliopikwa ukapoa sehemu yake huwa mgumu na kuwafikia bakteria, mradi kimetunzwa vizuri na kupashwa moto.

Kwa ufupi, matumizi mengine. Asidi hii ikiunganishwa na kileo hutoa harufu nzuri ya nanasi, nayo hutiwa kwenye peremende na vinywaji. Watafiti wa Ifakara, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2010, waliitumia pamoja na asidi nyingine katika mchanganyiko wa harufu ya kuwavuta mbu kwenye mitego, maana jasho na miguu yetu huitoa. Chumvi yake huuzwa kama unga wa kuchanganya katika vyakula vya nguruwe, kuku na ndama. Unga huo una kazi yake katika mashamba makubwa, ila kwa mfugaji mwenye ndama mmoja, pumba na mashudu humtengenezea butiriki hiyohiyo tumboni.

Tunaloomba katika awamu ijayo

Baadhi ya sharika zimeleta maombi ya mitamba zaidi. Tumeyapokea, na tunaelewa furaha ya siku ya kukabidhi mtamba, picha zikipigwa. Hata hivyo, ushauri wetu kwa halmashauri na kwa wafadhili ni kwamba katika sharika ambazo ng'ombe waliopo hukosa majani kila Septemba, fedha za awamu ijayo zielekezwe kwanza kwenye mashine za kukatia majani, mifuko na molasi, pamoja na mafunzo ya siku mbili shambani, moja ya kukata na kunyausha, ya pili ya kufunga. Mtamba anayeongezwa mahali pasipo na majani humwongezea mama safari ya kwenda Kahe.

Vikundi vinavyotaka kuingia katika mafunzo hayo vipitishe majina kwa kamati za sharika zao kabla masika hayajaanza, vikionyesha idadi ya ng'ombe, mahali majani yanapopatikana, na watu wangapi wanaweza kufika siku moja ya kujaza. Vilivyo na mashimo ya zamani vije na konzi ya sileji iliyobaki, ikiwa ndani ya kopo lenye kifuniko. Tunasisitiza kifuniko, kwa ajili ya wenzetu watakaosafiri nao katika daladala.